Kinga Haijashuka

Mtu akipimwa na kukutwa na homa ya ini B, ushauri wa kwanza atakaoupata kwa kawaida hautoki kwa daktari. Unatoka kwa jirani, kwa kundi la WhatsApp la ukoo, au kwa muuza virutubisho mwenye meza yake karibu na stendi, na popote unapotoka huwa ni ule ule: kinga yako imeshuka, ipandishe. Kisha inafuata orodha. Mlonge, habbat soda, asali na kitunguu saumu, unga wa kopo lenye maandishi ambayo si mnunuzi wala muuzaji anayeweza kuyasoma, dozi ya miezi mitatu bila kukatisha. Wanaouza siwashangai, biashara ni biashara. Nawashangaa wasiouza chochote: walimu, wachungaji, masheikh, watangazaji wa vipindi vya afya, na hata baadhi ya wahudumu wa zahanati, ambao wanayarudia maneno hayo kana kwamba yalikwisha kuthibitishwa siku nyingi.

Hayakuthibitishwa. Yaliyothibitishwa ni karibu kinyume chake. Katika homa ya ini B iliyokuwa sugu, sehemu kubwa ya uharibifu wa ini hufanywa na seli za kinga zenyewe. Kirusi kimo, tena ndicho chanzo cha yote, lakini seli za ini zinazokufa huuawa zaidi na mwili wenyewe kuliko na hicho kirusi. Anayemwambia mgonjwa aipandishe kinga, bila kusema kinga ya seli gani na dhidi ya nini, anamshauri jambo ambalo lisipokuwa bure litakuwa hatari.

Najua wazo hili lilikotoka. Lilitoka kwenye UKIMWI. Kwa zaidi ya miaka thelathini Afrika Mashariki imejifunza habari za kinga kutoka kwa ugonjwa mmoja, na imejifunza vizuri. Bibi asiyejua kusoma anajua CD4 ni nini, anajua ikishuka mtu huanza kuandamwa na magonjwa nyemelezi, anajua ARV huipandisha. Yote hayo ni kweli kwa VVU, kwa sababu VVU huingia ndani ya seli zile zile za CD4 na kuzimaliza. Kisha ikaja homa ya ini B, inayoambukizwa kwa njia zinazofanana na hizo: damu, ngono, mama kwa mtoto. Mojawapo ya dawa zake, tenofovir, ndiyo hiyo hiyo iliyomo katika vidonge vingi vya ARV. Ni nani asingedhani kwamba magonjwa haya ni ndugu?

Lakini kirusi cha homa ya ini B hakina shida na CD4. Makazi yake ni seli za ini, humo huzaliana, humo hujificha. Mwenye homa ya ini B sugu asiye na VVU kwa kawaida anapambana na mafua, malaria na kidonda cha mguuni kama anavyopambana jirani yake. Kama kweli kinga ingekuwa inashuka, tungewaona wagonjwa hawa wodini na fangasi za koo na ile homa ya uti wa mgongo ya fangasi, kama tulivyowaona wagonjwa wa UKIMWI miaka ya 1990. Hatuwaoni. Wanaletwa wakiwa na matumbo yaliyojaa maji, wakitapika damu, au wakiwa na uvimbe wa saratani upande wa kulia chini ya mbavu. Huo ni ugonjwa wa namna nyingine kabisa.

Mwangalie mtoto aliyeambukizwa na mama yake siku ya kuzaliwa. Watoto wa namna hii, tisa katika kumi hubaki na kirusi kwa muda mrefu, wengi wao maisha yao yote, ilhali mtu mzima anayeambukizwa ukubwani, uwezekano wa kubaki nacho ni chini ya asilimia 5. Mpime mtoto huyo akiwa na miaka 8. Mililita moja ya damu yake inaweza kuwa na virusi milioni mia moja, hata bilioni. Sasa pima ALT, kile kimeng'enya kinachovuja kwenye damu seli za ini zinapoumizwa: mara nyingi utakikuta kiko kawaida, au kimezidi kidogo tu. Mtoto anacheza mpira, anakula, anakwenda shule. Ingekuwa kirusi ndicho kinacholitafuna ini, mtoto mwenye virusi bilioni kwenye kila mililita asingefika darasa la kwanza.

Mgeukie sasa mtu mzima, mmoja katika wachache sana, ambaye homa ya ini B inampiga kwa kishindo: macho manjano, fahamu zinapotea, ini linazimika ndani ya wiki chache. Ukimpima virusi katika hali hiyo, mara nyingi utavikuta vichache, pengine vimekwisha kutoweka kabisa. Kinga yake haikuwa dhaifu. Ilikuja kwa nguvu zote, ikakifagia kirusi, na ini likaenda pamoja nacho.

Jambo hili halikuachwa libaki la kutazama wagonjwa na kukisia. Katika miaka ya 1980 na 1990, Francis Chisari na wenzake katika taasisi ya Scripps, La Jolla, California, walitengeneza panya waliozaliwa wakiwa na jeni za kirusi hiki ndani ya seli zao. Panya wa kawaida haambukizwi homa ya ini B, ndiyo maana ilibidi waanzie kwenye jeni. Baadhi ya panya hao walikuwa wakitoa virusi kamili kwenye damu maisha yao yote, na maini yao yakabaki mazima, kwa sababu kinga yao ilizaliwa ikiviona virusi hivyo kama sehemu ya mwili. Kisha watafiti wakawadunga seli za kinga ziitwazo seli T, zilizofunzwa pembeni kuzitambua protini za kirusi. Haikuchukua muda ini likaanza kuwaka. Kirusi kilikuwepo tangu mwanzo. Kilichoongezeka ni kinga.

Mambo hayakuishia hapo, na hapa ndipo wauza makopo wanapokosa kabisa pa kusimama. Mwaka 1996 kundi hilo hilo lilionyesha kwamba seli T zilikuwa zimeua seli chache tu za ini, lakini kirusi kilizimwa karibu ini zima. Zilifanyaje? Zilitoa kemikali za kupeana habari, intaferoni gama na nyingine iitwayo TNF, ambazo ziliziamuru seli za ini zizime uzalishaji wa kirusi zenyewe, bila kufa. Mwaka 1999 wakalithibitisha kwa sokwe walioambukizwa homa ya ini B: sehemu kubwa ya kirusi ilitoweka kwenye ini kabla uharibifu haujafika kileleni. Yaani kusafisha na kuua ni kazi mbili tofauti. Seli ya kinga inaweza kuifanya moja bila kuifanya nyingine. Kwa hiyo anayesema "kinga yenye nguvu" anapaswa kwanza aulizwe: nguvu ya kufanya nini?

Wapo watakaonikumbusha kwamba kirusi hiki nacho huweza kuua seli za ini moja kwa moja. Ni kweli. Hutokea kwa baadhi ya waliopandikizwa ini wakawa wanameza dawa za kuzima kinga. Kirusi kikarudi, kikajaa mno mpaka seli zikalemewa na kufa. Tena kirusi hujichomeka kwenye jeni za seli za ini, na hilo linachangia saratani hata kwa mtu ambaye ini lake halijapata makovu. Silipingi lolote katika hayo. Lakini hayo ni ya pembeni katika hesabu ya makovu ya ini, na hakuna hata moja linalotibiwa kwa kijiko cha unga asubuhi na jioni.

Ili kuelewa kwa nini "ongeza kinga" ni maneno matupu, inabidi kuingia ndani ya ini lenyewe. Ini la mtu mzima lina limfosaiti, kundi la seli za kinga ambamo seli T zimo, zipatazo bilioni 10. Kwenye damu, zile zinazoitwa seli wauaji asilia ni chache. Ndani ya ini zinaweza kufikia theluthi hata nusu ya limfosaiti zote. Kwenye kuta za vijishipa vyake zimejipanga seli za Kupffer, zilizopewa jina la Mjerumani Karl Wilhelm von Kupffer aliyezieleza mwaka 1876, kazi yao kumeza takataka na bakteria wanaopita. Seli hizo ni zaidi ya sehemu nne kwa tano za seli zote za aina hiyo zilizotulia katika viungo vya mwili. Kwa ufupi, hiki ni mojawapo ya viungo vyenye kinga nyingi kuliko vyote tulivyo navyo. Upungufu haupo.

Kilichopo ni utaratibu. Takriban robo tatu ya damu inayoingia kwenye ini inatoka utumboni, imebeba chakula kilichosagwa na mabaki ya bakteria usiku na mchana. Kama seli za kinga za ini zingekuwa zinashtukia kila kigeni, mtu angepata homa ya ini kila baada ya kula ugali na dagaa. Kwa hiyo ini limejengwa kuvumilia. Roy Calne aliliona hilo mwaka 1969 alipopandikiza maini ya nguruwe kwa nguruwe wengine: baadhi waliyapokea bila dawa ya kuzima kinga, jambo lisilotokea kirahisi kwa moyo au figo. Uvumilivu huo unatuokoa kila siku, na kirusi cha homa ya ini B kimeuchukua kuwa kificho chake.

Kinafanya zaidi ya kujificha. Kila kirusi kamili kinachotoka kwenye seli ya ini kinafuatana na maelfu ya maganda matupu, protini bila kirusi ndani, yanayoijaza damu. (Ni protini hiyo hiyo inayosomwa na kile kipimo cha mstari mnachopimwa mkienda kuchangia damu.) Seli T inayoitambua protini hiyo inakutana nayo leo, kesho, mwaka huu na mwaka kesho, bila kupumzika. Mwisho inachoka. Uchovu huu ni hali inayopimika: seli inaota juu yake alama iitwayo PD-1, inaacha kutoa intaferoni, inaacha kuzaliana, nyingi zinakufa. Kwa hiyo seli zile hasa zinazokijua kirusi ndizo zilizo chache na zilizochoka, katikati ya umati wa seli nyingine zenye afya njema kabisa.

Ni umati huo unaoharibu. Mwaka 2000 Mala Maini na Antonio Bertoletti na wenzao, wakiwa London, walilinganisha maini ya wagonjwa wa aina mbili: waliokidhibiti kirusi na wenye ALT ya kawaida, na wenye virusi vingi na ini linalowaka. Mtu angetarajia wale wa pili wawe na seli T nyingi zaidi zinazokishambulia kirusi. Haikuwa hivyo. Idadi ya seli T zinazokitambua kirusi ilikuwa inakaribiana katika makundi yote mawili. Tofauti ilikuwa kwamba kwenye maini yanayowaka, seli hizo chache zilikuwa zimezama ndani ya wingi wa seli nyingine zilizomiminika humo bila kukijua kirusi hata kidogo. Kelele za mwizi zinapopigwa mtaani usiku, aliyemwona mwizi ni mmoja au wawili. Waliobaki wamekuja na mawe kwa sababu wamesikia kelele, na asubuhi kinachohesabiwa ni milango iliyovunjwa. Mshauri wa kopo anataka tuongeze watu kwenye umati huo.

Utafiti uliofuata umeyafanya mambo kuwa mabaya zaidi kwa mshauri huyo. Mwaka 2007 kundi la Maini lilionyesha kwamba ALT inapolipuka, seli wauaji asilia huua seli za ini kwa kutumia protini iitwayo TRAIL. Mwaka 2013 likaonyesha kwamba seli wauaji hao hao, kwa TRAIL hiyo hiyo, huziua pia seli T zinazokijua kirusi. Narudia polepole, maana ni jambo geni: ndani ya ini lenye homa ya ini B sugu, sehemu moja ya kinga inaiua sehemu nyingine ya kinga, ile ambayo ingesaidia. Sasa mwambie mgonjwa apandishe kinga. Apandishe ipi? Ya anayeuawa au ya anayeua? Muulize muuzaji swali hilo, ukiwa na muda wa kupoteza.

Na huku seli za ini zikifa kidogo kidogo miaka ishirini, thelathini, kuna seli nyingine zenye umbo la nyota, ambazo kwa kawaida hutunza vitamini A, zinazogeuka na kuanza kutengeneza makovu. Makovu yakijaa tunaita sirosisi. Hayatengenezwi na kirusi. Yanatengenezwa na mwili unaojaribu kuziba majeraha uliyojisababishia.

Asiyeniamini kwa panya na maabara za London aniamini kwa jambo linalojulikana katika CTC, yaani kliniki za huduma na matibabu ya VVU. Mgonjwa mwenye VVU na homa ya ini B kwa pamoja anakuja na CD4 chini ya mia moja. Anaanzishiwa ARV. CD4 zinapanda, kweli zinapanda, kwa namna ambayo hakuna mlonge uliowahi kuzipandisha. Na kwa baadhi yao, ndani ya wiki au miezi michache ya mwanzo, ALT inaruka na ini linawaka, kwa sababu kinga iliyokuwa imelala imeamka na kukikuta kirusi. Hapo ndipo ushauri wa "pandisha kinga" unapotimia kwa ukamilifu, na ini ndilo linalolipa. Madaktari wanalijua hilo, ndiyo maana mgonjwa wa namna hii hupewa mchanganyiko wenye tenofovir, ili kirusi kibanwe wakati kinga inarudi.

Nasikia pingamizi: mbona watu wanapona? Fulani alikunywa dawa ya majani miezi sita, akarudi kupima, akakutwa hana. Ushuhuda huu ndio nguzo ya biashara nzima, na sidai kwamba watu wanasema uongo. Wengi wanasema kweli tupu. Lakini rudi kwenye ile hesabu ya mwanzo: katika watu wazima mia wanaoambukizwa ukubwani, zaidi ya tisini na watano wanakiondoa kirusi wenyewe ndani ya miezi sita. Ndiyo sababu daktari hakuiti mgonjwa sugu mpaka miezi sita ipite. Mtu aliyeambukizwa mwezi wa pili, akapimwa mwezi wa tatu alipokwenda kuchangia damu, akaanza kunywa majani ya mpapai mwezi wa nne, akapimwa tena mwezi wa tisa na kukutwa safi, amepona kweli. Angepona kwa maji ya kisima pia. Hata kati ya walio sugu hasa, takriban mmoja katika mia kila mwaka hupoteza ile protini ya ganda bila dawa yoyote. Chukua wagonjwa elfu wanaotumia kopo moja, na mwisho wa mwaka utakuwa na mashahidi kumi waaminifu, wenye vyeti vya maabara mkononi.

ALT nayo ina udanganyifu wake. Katika homa ya ini B hupanda na kushuka kwa mawimbi, yenyewe. Mtu hatafuti dawa siku anayojisikia vizuri. Anaitafuta wimbi likiwa juu, macho yamekuwa manjano. Chochote atakachokunywa siku hiyo kitapewa sifa wimbi litakapoteremka. Na kila wimbi huacha makovu mapya.

Kuhusu gharama inayolipwa na miili, tunazungumza kidogo mno. Kila unga na kila mchemsho unaomezwa unapita kwenye ini kabla ya kwenda kwingine. Mtandao wa watafiti wa Marekani unaofuatilia maini yaliyoumizwa na dawa uliona sehemu ya majeraha yanayotokana na mitishamba na virutubisho ikipanda kutoka asilimia 7 hadi 20 ya visa vyao kati ya 2004 na 2013. Hiyo ni nchi ambako makopo yana maandishi yanayosomeka. Siwapigi vita waganga wa tiba asili kwa ujumla wao. Nasema tu kwamba ini lililojeruhiwa ni mahali pabaya pa kufanyia majaribio.

Kuna pingamizi la wasomi, na hili lina uzito. Wanasema: kama zaidi ya asilimia 95 ya watu wazima huponywa na kinga zao, basi kinga kali ndiyo tiba, na wanasayansi wenyewe mbona wanahangaika kuziamsha seli T zilizochoka? Wanahangaika, ni kweli. Wanajaribu dawa za kuzuia PD-1, wanajaribu chanjo za kutibu, wanatengeneza seli T maabara. Lakini tazama wanavyokwenda. Wanalenga seli zinazokitambua kirusi hiki peke yake, kwa dozi wanazozipima, kwa wagonjwa wanaowapima ini mara kwa mara. Hata intaferoni, dawa ya sindano iliyotumika kwa miongo kadhaa na inayoamsha kinga kweli kweli, huwaondolea kirusi kabisa wachache tu, na ni marufuku kumpa mwenye sirosisi iliyokwisha kulemea, kwa sababu mlipuko mmoja unaweza kumuua. Kama kopo la mezani lingekuwa na uwezo linaodaiwa kuwa nao, lingepaswa kuwa na onyo hilo hilo juu ya kifuniko. Halina onyo kwa sababu halina uwezo. Ama linaongeza kinga, na hivyo ni hatari kuliuza bila kupima ini la mnunuzi. Ama haliongezi, na hivyo ni wizi. Muuzaji achague.

Na nisije nikaeleweka vibaya na wale wanaopenda kuruka kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine. Kuizima kinga siyo dawa. Hilo nalo lilijaribiwa. Mwaka 1981 madaktari wa Hong Kong walichapisha matokeo ya kuwapa prednisolone, dawa ya kuzima kinga, wagonjwa wa homa ya ini B sugu yenye ini linalowaka: dawa hiyo iliwadhuru. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru onyo kali zaidi liwekwe kwenye rituximab, dawa inayofuta seli za kinga ziitwazo seli B, kwa sababu kirusi kilichokuwa kimetulia miaka mingi kilikuwa kinafufuka na kuua. Na wenye VVU pamoja na homa ya ini B, ingawa CD4 zao ziko chini, makovu ya ini huwajia haraka zaidi. Kinga inakishika kirusi na wakati huo huo inaliumiza ini, na kati ya mambo hayo mawili hakuna usukani mmoja wa kupandisha au kushusha.

Kinachosaidia ni kukinyima kirusi nafasi, ili umati wa seli upungue wenyewe. Tenofovir hailengi kinga. Inazuia kirusi kisijinakili, basi. Mwaka 2013 jarida la Lancet lilitoa matokeo ya wagonjwa waliotumia dawa hiyo miaka mitano, 348 kati yao wakachukuliwa vipande vya ini mwanzo na mwisho. Nusu yao makovu yalikuwa yamepungua. Kati ya 96 walioanza wakiwa na sirosisi, 71 hawakuwa nayo tena. Tulifundishwa kwamba sirosisi hairudi nyuma. Hawa sabini na mmoja waliirudisha nyuma kwa kidonge kimoja kwa siku, bila kuongezewa seli hata moja ya kinga.

Homa ya ini C inalimaliza kabisa jambo hili. Vidonge vya siku hizi vinawaponya zaidi ya asilimia 95 ya wanaovimeza kwa wiki 8 hadi 12, na Misri imevitumia kwa mamilioni ya watu. Tafiti zilizotoka 2021 ziliangalia seli T za waliopona na kukuta bado zina alama za uchovu zilizoachwa na ugonjwa. Seli zimebaki zimechoka, mtu amepona. Kama tatizo lingekuwa kinga kushuka, jambo hilo lisingewezekana.

Shirika la Afya Duniani linasema kulikuwa na watu milioni 254 wenye homa ya ini B sugu mwaka 2022, na kwamba ni asilimia 13 tu waliokuwa wamegunduliwa na 3 waliokuwa kwenye matibabu. Machi 2024 lilitoa mwongozo mpya uliolegeza masharti ya kuanza dawa, kwa sababu yale ya zamani yaliwaacha nje watu wengi waliostahili. Hayo ndiyo ningependa kuyasikia kwenye vipindi vya afya: kwa nini tenofovir ya kutosha kwa VVU imo kabatini, na mwenye homa ya ini B peke yake katika vituo vingi anaambiwa ajinunulie, kwa nini kipimo cha wingi wa virusi kiko mbali na wilaya nyingi, kwa nini mtu anarudishwa nyumbani na neno "positive" na kuachiwa muuza kopo amwelekeze.

Kipo kitu kinachoongeza kinga dhidi ya kirusi hiki kwa namna inayoweza kupimwa kwenye damu, nacho ni chanjo. Inafanya kazi kwa ambaye hajaambukizwa. Kenya iliiingiza kwenye chanjo za watoto mwaka 2001 na Tanzania mwaka 2002, na sasa hutolewa wiki ya 6, 10 na 14. Waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata utotoni, na mtoto wa mama mwenye kirusi anaihitaji ndani ya saa 24 za kuzaliwa, huduma ambayo katika ukanda wa Afrika inamfikia chini ya mtoto mmoja katika watano. Mgonjwa mwenyewe anahitaji kupimwa tena baada ya miezi sita, kupimwa ALT na chembe sahani na, ikiwezekana, wingi wa virusi, kisha daktari aamue kuhusu dawa. Wenye kinga ya kuongezwa ni mume au mke wake, na watoto, na ndugu wanaolala nyumba moja naye. Hao wapelekwe wakapimwe wiki hii, na wasio na kirusi wachanjwe dozi zote tatu.